Diski ya Zamani ni ya Nani?

Wiki hii tunauliza swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza utasema ni la fundi wa kompyuta, si la kanisa. Lakini tulifuatilie pole pole, maana linafika hadi kwa ofisi yetu, kwa vikundi vyetu vya nyumbani na kwa jina la jirani yako.

Laptopu yako imeanza kukwama. Ukiiwasha unaweza kupika chai na kuimaliza kabla haijafunguka. Ndani unasikia kitu kinagonga, tik, tik, tik. Unaipeleka kwa fundi mjini, Kitale ama Bungoma. Anaisikiliza kidogo na kukuambia, "Diski imekwisha." Mnaelewana bei. Anaweka diski mpya, anaweka Windows upya, na jioni mashine inafunguka kabla hujakaa vizuri kwa kiti. Kisha anaokota ile iliyotolewa, kipande cha chuma kinachoenea kwa kiganja, na kukuuliza, "Na hii?"

Wengi wetu tunajibu, "Wacha tu, si imekufa."

Swali letu ni hili: je, una haki ya kusema "wacha tu"? Chuma ni chako, ulikinunua kwa pesa zako. Lakini yale yaliyoandikwa ndani yake ni ya nani?

IMEKUFA, LAKINI HAIJASAHAU

Tuanze na chuma chenyewe, maana asiyejua kinavyofanya kazi hawezi kuona kosa liko wapi. Ndani ya diski za aina ya zamani kuna sahani nyembamba zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika moja. Juu ya sahani kuna mkono mdogo wenye kichwa kinachosoma na kuandika alama za sumaku bila kuigusa sahani. Vitu vinavyozunguka huchoka. Laptopu ikianguka, ama ikirushwa-rushwa kwa boda boda ikiwa imewashwa, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Wakati mwingine mota ndiyo inakataa. Hapo ndipo tunasema diski imekufa.

Lakini angalia kilichokufa. Ni mota, ama mkono, ama ule ubao mdogo wa chini. Sehemu kubwa ya alama kwenye sahani bado ipo. Na mara nyingi hata hiyo diski haijafa kabisa. Ina sehemu chache mbovu zinazoifanya Windows ikwame, lakini mtu akiiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya, folda zinafunguka moja baada ya nyingine.

"Lakini mimi nilifuta kila kitu kabla ya kuipeleka." Hapa ndipo wengi wetu tunadanganyika. Kwa diski hizi za kuzunguka, ukifuta faili, hata ukimwaga lile kapu la taka, kompyuta haiendi kusugua yale maandishi. Inaondoa tu jina la faili kwenye orodha na kuweka alama kwamba nafasi ile iko wazi. Maandishi yenyewe yanakaa palepale mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Ni kama karani wa shule aliyefuta jina la mwanafunzi kwenye rejista. Rejista inasema hayupo, lakini ukichungulia dirishani, mtoto amekaa darasani na kalamu yake.

Kufomati kwa haraka ni hivyohivyo: ni kuchoma rejista nzima huku wanafunzi wote wakiwa wamekaa. Na programu za kuwarudisha wale "waliofutwa" zinapatikana bure. Fundi mzuri anazijua, na kwa ujuzi huohuo amewaokoa wanafunzi wengi waliopoteza kazi zao za chuo siku chache kabla ya kuziwasilisha. Ujuzi si mbaya. Tunasema tu kwamba mlango uliodhani umeufunga ulikuwa umerudishwa tu, haukupigwa kufuli.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa ripoti juu ya diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika, kutoka kwa wauzaji wa kawaida. Kati yake, 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Diski zilizokuwa zimesafishwa inavyotakiwa zilikuwa 12 peke yake. Kwa zingine walikuta barua za watu, habari za matibabu, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wenye diski hizo hawakuwa wajinga. Wengine walikuwa wamefomati kabisa, wakaenda nyumbani na amani moyoni.

Usiseme hayo ni ya Marekani. Mwaka 2009 waandishi wa habari wa televisheni walinunua diski kuukuu nchini Ghana, pale ambapo kompyuta zilizotupwa na nchi tajiri hufika kwa makontena. Katika moja walikuta karatasi za mikataba ya kampuni kubwa ya Marekani inayofanya kazi na serikali. Makontena kama hayo yanafika Mombasa pia. Laptopu nyingi tunazonunua Kitale na Bungoma ni mitumba, zile tunaziita ex-UK, na kila moja ilikuwa ya mtu kabla haijakuwa yako. Diski yako nayo haikomi kwako. Ikitoka mkononi mwako inaendelea na safari.

"MIMI SINA CHA KUFICHA"

Jibu tunalosikia sana ni hili: "Mimi ni mtu mwaminifu, sina cha kuficha. Anayetaka kuangalia na aangalie." Jibu hili lina sura ya unyoofu, na anayelisema pengine anasema kweli juu ya maisha yake. Shida ni kwamba amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Chukua laptopu ya mweka hazina wa kanisa lolote. Ndani kuna orodha ya zaka na sadaka: nani alitoa ngapi, na nani hajatoa tangu apoteze kazi. Kuna karatasi za M-Pesa zenye majina kamili na namba za simu. Kuna vitambulisho vilivyopigwa skani wakati kikundi cha akina mama kilipofungua akaunti ya benki. Sasa chukua ile ya mchungaji. Kuna barua ya mume na mke waliokuja kuombewa ndoa yao. Kuna jina la kijana aliyeeleza hali yake ya afya. Kuna mahitaji ya maombi yaliyoandikwa na watu waliokuwa wanalia. Chukua na ya mwalimu: alama za watoto, na ripoti ya yule mtoto aliyesema anapigwa nyumbani.

Ni kweli, mwenye laptopu hana cha kuficha. Wale wengine wote wanacho, na si kwa sababu ni waovu. Ni kwa sababu kuna mambo ambayo mtu humwambia mtu mmoja, kwa sauti ya chini, akijua yataishia hapo.

Hapa ndipo tunapata kiini cha swali. Mtu akikuachia ng'ombe wake umchungie, huwezi kumwambia mpita njia, "Mimi sina shida, mchukue." Huna shida kwa sababu ng'ombe si wako! Ukarimu wa kutoa kitu cha mwenzako hauitwi ukarimu. Siri ni vivyo hivyo. Aliyekuambia hakukupa iwe mali yako. Alikuachia uitunze, na hiyo ndiyo maana ya amana. Unaweza kusamehe deni lako wewe, unaweza kutangaza habari zako wewe kwa kipaza sauti, lakini amana ya mwingine huna ruhusa ya kuiachilia kwa kuchoka, wala kwa sababu gunia uliloiwekea limetoboka. Diski ndiyo gunia. Gunia ni lako, mahindi ni ya jirani.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Watu wa Trans Nzoia na Bungoma wanakumbuka vita vya Mlima Elgon vya kati ya mwaka 2006 na 2008. Wapo waliokimbia makwao, wapo waliopoteza jamaa, na wapo waliosema walichoona. Kwa mtu wa namna hiyo, jina lake, kijiji chake na maneno aliyoyasema si habari za kawaida za ofisi. Mtu aliyeyaandika kwenye kompyuta miaka hiyo, na leo anabadilisha mashine, ameshika usalama wa mtu mwingine kwa kiganja. Anaweza kuwa amesahau kabisa kwamba faili hizo zipo. Diski haijasahau.

NANI ALILIPA?

Kuna kisa kilichojulikana dunia nzima, nacho kinahusu hasa laptopu iliyopelekwa kwa fundi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kule Hong Kong, picha za faragha za mwigizaji maarufu Edison Chen pamoja na wanawake kadhaa zilianza kusambaa kwenye intaneti. Zilikuwa zimetoka kwa laptopu yake aliyoipeleka kutengenezwa. Fundi mmoja alizinakili. Mwaka 2009 mahakama ilimpata na hatia ya kuingia kwenye kompyuta kwa nia isiyo ya uaminifu, akafungwa miezi minane na nusu.

Hatuelezi kisa hiki ili tuhukumu maisha ya waliokuwa kwenye picha. Tunauliza tu, nani alilipa? Mwenye laptopu aliomba radhi hadharani na kutangaza kwamba anaacha kazi ya uigizaji Hong Kong. Fundi alifungwa. Lakini wale wanawake hawakupeleka laptopu yoyote popote. Hawakumchagua fundi. Hawakuulizwa, "Na hii?" Waliamka asubuhi moja wakakuta nyuso zao kwa kila simu ya mji. Kazi zao ziliharibika, majina yao yakawa mzaha. Msamaha uliombwa, kifungo kilitolewa, na hakuna hata picha moja iliyorudi ilikotoka.

Kuna makosa ambayo yakitokea unaweza kulipa. Umevunja sufuria ya jirani, unanunua nyingine. Zakayo aliyekuwa ametoza watu kupita kiasi aliweza kusema atarudisha mara nne, kwa sababu pesa zinarudishika. Siri iliyotoka hairudi hata mara moja, achilia mbali nne. Kwa hiyo amana ya namna hii haitunzwi kwa kutegemea kwamba tutaomba radhi baadaye. Inatunzwa mapema, ama haitunzwi.

NA FUNDI JE?

Mtu anaweza kusema, "Mnatufundisha kuwashuku mafundi wetu." La hasha. Mafundi wengi wa miji yetu ni vijana wanaohangaika kwa haki. Wengine ni washirika wenzetu, na kazi yao inasomesha wadogo zao. Lakini ni vizuri tuelewe tunawaweka mahali gani.

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi takriban miaka 400 kabla ya Kristo, anaeleza katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri habari za mchunga mifugo aliyeokota pete. Akiizungusha upande wa kiganja, haonekani tena. Kwa pete hiyo mchungaji yule aliishia kumchukua mke wa mfalme, kumwua mfalme na kujitwalia ufalme. Kisha linaulizwa swali: mtu mwema na mtu mbaya wote wakipewa pete hiyo, tutaona tofauti kati yao?

Fundi aliyeachiwa laptopu usiku kucha, neno la siri likiwa limeandikwa kwa karatasi na kubandikwa juu yake, amevishwa pete hiyo. Hakuna atakayejua alifungua folda gani. Wapo watakaoshinda. Yusufu kwa Potifa aliachiwa nyumba yote mkononi mwake, naye akasimama imara. Lakini si haki yetu kumpa kila kijana mtihani wa Yusufu kila siku ya wiki, eti kwa sababu sisi tuliona uvivu wa kubeba diski yetu nyumbani. Ukimwombea mwenzako asiingie majaribuni, usiyaache kwa meza yake.

Tena kuichukua diski yako kunamlinda yeye pia. Siku habari zikivuja, wa kwanza kushukiwa ni fundi, hata kama zilivuja kwa simu ya binamu yako. Akiwa alikukabidhi diski mbele ya macho yako, jina lake liko safi.

Fundi naye ana wajibu wake. Aseme ukweli kama diski anayoweka ni mpya ama imeshatumika, maana mteja hawezi kujua kwa macho. Ahamishe faili alizoombwa bila kuzifungua. Arudishe diski ya zamani bila kungoja kuulizwa, kama vile fundi mwema wa gari anavyokuonyesha kipuri kibovu alichokitoa. Akijua kwamba mteja haelewi hatari, kunyamaza kwake si kutojua. Ni kuchagua.

MLANGO WA NYUMA

Diski ikishabadilishwa, inabaki kuweka Windows. Hapa tunaingia kwa jambo ambalo wengi hatupendi liguswe: ile Windows iliyovunjwa kufuli. Tunajitetea kwamba leseni ni ghali na Microsoft ni tajiri. Utajiri wa mwenye mali haujawahi kuwa ruhusa ya kuichukua, hilo tunalijua. Lakini leo tuliangalie kwa upande wa amana.

Programu nyingi za kuvunja kufuli hiyo hukutaka kwanza uzime antivirusi. Fikiria maana yake. Mtu usiyemjua anakwambia, "Mfukuze mlinzi wa lango, ndipo niingie nikutengenezee mlango bure." Nawe unakubali. Kisha unarudisha ndani orodha ya zaka, vitambulisho na barua za ndoa. Umechukua diski ya zamani vizuri sana, halafu umekabidhi mpya kwa mgeni asiye na jina.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hata haikuhitajika. Laptopu nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, zikiwa na Windows ya kiwandani, ufunguo wa leseni yake umehifadhiwa kwenye ubao mkuu wa mashine, si kwenye diski. Ukibadilisha diski na kuweka Windows ya toleo hilohilo, ukaunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Yaani kuna watu wanaovunja kufuli la nyumba ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwao. Muulize fundi ajaribu hilo kwanza.

Kama mashine ni ya zamani na haina leseni, kuna njia ya tatu. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu hazikubaliwi na Windows 11. Lakini kuna mifumo ya Linux inayotolewa bure kwa haki, bila kumvunjia mtu kitu. Mmoja wapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za Wabantu wa kusini, na kwetu neno hilo ni utu. Utajifunza mambo machache upya, lakini kuandika barua, kufanya hesabu na kufungua intaneti unafanya vizuri tu. Maskini hana sababu ya kuwa mwizi, wala hana sababu ya kuacha mlango wazi.

KUTUNZA SIRI NA KUFICHA UOVU

Sasa kuna swali gumu ambalo ni lazima tulijibu kwa uaminifu. Nyundo inayovunja diski ili kulinda barua ya mjane ndiyo hiyohiyo inayoweza kuvunja diski ili wakaguzi wasione hesabu za michango zilikwenda wapi. Anayefuta siri za wenzake na anayefuta nyayo zake mwenyewe wanafanana sana kwa nje. Tutawatofautishaje?

Jiulize: kimya hiki kinamlinda nani? Kama kinamlinda yule aliyekuamini, ni amana. Kama kinakulinda wewe usitoe hesabu kwa watu wenye haki ya kuuliza, huo ni ufichaji, hata ukiuita faragha. Hesabu za kanisa si siri ya mweka hazina. Ni mali ya washirika, na ni lazima zinakiliwe na zihifadhiwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anaweza kuzifikia, kabla diski ya zamani haijaguswa. Barua ya mjane si mali ya washirika, hata kama ilikaa kwenye diski moja na hesabu hizo. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza hifadhi yale ambayo wengine wana haki nayo, halafu haribu nakala ambayo hakuna mwenye haki nayo. Anayeruka hatua ya kwanza, na aulizwe.

Sheria ya nchi nayo inakubaliana na dhamiri hapa. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na habari za familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka wanaohifadhi habari za watu wazilinde, na inataja aina ambazo ni nyeti zaidi: afya, imani, hali ya ndoa, mali, majina ya watoto na wazazi, na kadhalika. Soma orodha hiyo tena. Ni karibu rejista nzima ya kanisa.

YA KUFANYA

Tusiishie kwa maneno. Laptopu ikianza kugonga ama kukwama, nakili kazi zako kwa mahali pawili tofauti kabla hujaipeleka popote. Usingoje izimike. Ukienda kwa fundi, kaa naye ikiwezekana, na mkubaliane mapema kwamba diski ya zamani inarudi nyumbani na wewe.

Kama diski hiyo bado inasomeka, isifomatiwe kwa haraka. Iandikwe upya yote juu yake. Fomati kamili ya Windows, tangu Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima. Inachukua saa kadhaa, lakini ndiyo inayowatoa wanafunzi darasani kweli. Kama imekufa, ifungue kwa bisibisi na uharibu sahani zenyewe. Funika macho na uifunge kwa kitambaa kizito kwanza, maana sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo na huvunjika vipande vipande. Usiichome moto, moshi wake ni sumu. Diski za SSD hazina sahani na hazisafishwi kwa njia hii. Tumia programu ya kufutia ya aliyeitengeneza, ama vunja zile chipu zenyewe.

Na kwa ile diski mpya, mwombe fundi awashe usimbaji tangu siku ya kwanza, yaani kila kitu kiandikwe kwa namna isiyosomeka bila ufunguo. Andika ufunguo huo kwa karatasi na uuweke mbali na laptopu. Ukifanya hivyo, siku diski hiyo nayo itakapochoka, ama laptopu ikiibwa kwa matatu ya Webuye, atakayeipata atapata chuma tu.

Kazi hii inachukua jioni moja. Hakuna atakayekupigia makofi, kwa sababu ukiifanya vizuri hakuna kitakachotokea. Yule mama aliyekueleza shida ya nyumba yake ataendelea kuja ibadani, ataimba, atakusalimia mlangoni, na hatajua kamwe kwamba uliwahi kumlinda. Hivyo ndivyo amana iliyotunzwa inavyoonekana.

Maswali ya kikundi cha nyumbani wiki hii:

1. Taja watu watatu ambao habari zao ziko kwa simu ama kompyuta yako sasa hivi. Walikuruhusu kufanya nini nazo?

2. Ni wakati gani kufuta kitu ni uaminifu, na ni wakati gani ni kukwepa kutoa hesabu?

3. Kama wewe ni fundi, ni jambo gani ungependa wateja wako wajue kabla hawajakuachia mashine zao?

4. Kanisa letu lina kompyuta ngapi kuukuu zilizowekwa kwa stoo, na nani amepewa jukumu la kuzishughulikia?